Chai ya Cairo na mkono wa kushoto wa Ahmar

Jumamosi nimekosa mechi ya Yanga. Mkahawa ninaokunywa chai hapa Cairo una runinga moja, na nilipomwomba kijana wa chai aweke chaneli nyingine alinitazama kama nimemtukania mama yake. Wote macho juu: Ahly na Zamalek, klabu mbili kubwa za hapa. Soka? Wapi! Mpira wa mikono.

Mzee wa meza ya jirani akanionea huruma, akaanza kunisomesha habari za Ahmed El-Ahmar. Mkono wa kushoto, Zamalek damu, nahodha aliyeipeleka Misri hadi nafasi ya nne kwenye Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 37, baada ya kuwatoa Wajerumani 31-26. Kisha akahamia kidonda cha Januari 2021, Misri na Denmark, robo fainali ya dunia hapa hapa nyumbani kwao: muda wa nyongeza mara mbili, halafu penalti, Misri wakatoka kwa 39-38. Mashabiki hawakuruhusiwa ukumbini kwa sababu ya korona, ila mzee anasimulia kama alikuwa benchi.

Nikanyamaza. Mimi nimedaka mpira wa mikono UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, golini, na sijawahi kuusikia ukitajwa kijiweni. Kwetu Tanzania ni mchezo wa wanajeshi na wanafunzi, basi.

Wamisri nao ni vichaa wa soka, msinidanganye. Lakini Ahly hiyo hiyo na Zamalek hiyo hiyo zina timu za mpira wa mikono, wavu, kikapu, na mtoto anaingia humo mdogo akijua jezi ni ile ile. Sisi je? Mtasema Ahly ni ya 1907. Sawa. Yanga ni ya 1935, Simba 1936. Miaka tisini haijatosha kununua magoli mawili na nyavu zake?

Najua mnavyokuja. “Kashiba kushari, chakula cha Wamisri, sasa anatudharau.” Nani kadharau? Kodi ya chumba huku inapanda nikiwa nimelala, na foleni ya hapa, wallahi, nimeikumbuka ya Ubungo, Dar. Mimi ni Mwananchi, yaani Yanga, wa kuzaliwa, ila siku Simba walipomfunga Ahly 1-0 uwanja wa Mkapa, Dar, mwaka 2021 nilinunulia chai meza nzima, mzee huyu akiwemo. Mwenye dharau hufanya hivyo?

Na wewe utakayesema “rudi basi uje ujenge”: nikirudi nitamkabidhi nani mpira? Viongozi wa klabu watanisikiliza dirisha la usajili likiwa wazi?

Huko Kibaha nina binamu, anarusha kwa kushoto. Mwalimu wake anasema kipa hauoni mpira ukitoka. Jana ameniandikia anaomba viatu vya ukumbini, namba 43. Ukumbi hawana, lakini viatu nitatuma.