Neno la siri la ruta si mali ya anayelipa peke yake

Mwezi uliopita nilikuwa Mbarara kikazi. Usiku mdogo wangu akanipigia kutoka nyumbani, Kibuli, Kampala: "Kaka, intaneti imekufa, na kesho nawasilisha kazi ya chuo." Haikuwa imekufa. Kompyuta ya mpangaji mwenzetu ilikuwa inapakua mafaili makubwa na kuwabana wengine wote.

Dawa yake ni ya dakika mbili. Unakaa kwenye kompyuta yoyote iliyounganishwa na waifai ya nyumbani, unafungua kivinjari, unaandika anwani ya ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani (yetu ni 192.168.8.1, nyingi ni 192.168.1.1, tazama kibandiko chini yake), unaona vifaa vyote vilivyounganishwa, kisha unakipunguzia kasi kinachomeza. Lakini kuingia humo kunataka neno la siri la ruta yenyewe, ambalo si lile la waifai, na nilikuwa nalo mimi tu. Nililificha kwa sababu mimi ndiye niliyenunua kifaa.

Nilikosea. Bando tunachangia wote, na tangu Julai 2021 kila bando Uganda lina ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya zile shilingi 200 za kila siku za mitandao ya kijamii. Anayechanga analipa na ushuru huo pia. Kwa nini asiweze kuisimamia intaneti hiyo? Hata Windows XP ya mwaka 2001, kompyuta moja ilipogawia nyingine intaneti, ilikuwa na kisanduku cha kuwaruhusu wengine waidhibiti au kuikata kutoka kwenye kompyuta zao.

Mpaka wangu ni ukuta wa nyumba. Rafiki alinishauri niwashe usimamizi wa mbali ili niifikie ruta hata nikiwa safarini. Hapana. Mlango ule haufunguki kwangu tu, unafunguka kwa dunia nzima. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, "admin" na wenzake. La kiwandani libadilishwe siku ile ile ruta inapotolewa kwenye boksi.

Usiku ule nilimtajia mdogo wangu neno la siri kwenye simu, herufi kwa herufi, naye akawasilisha kazi yake. Sasa tunalo watu wazima wote wa nyumba. Juzi, akiwa na mtihani, aliipunguzia kasi simu yangu. Nilisubiri hadi alipomaliza.