Mapezi ya Mpasuko au Mapezi Bapa: Angalia Teke Lako Kwanza

Wapiga mbizi wakianza kubishana kuhusu mapezi, yale ya kuvaa miguuni, swali la kwanza huwa ni yapi yana kasi zaidi. Naamini swali hilo ndilo linalowafanya wengi wanunue mapezi yasiyowafaa. Anayezama na mtungi wa hewa mgongoni hashindani na mtu. Anataka kwenda bila kuchoka, kusimama anapotaka, na kurudi nyuma bila kugusa kitu.

Pezi la mpasuko lina ubao (ile sehemu pana inayosukuma maji) uliochanwa katikati, kuanzia nchani hadi karibu na wayo; pezi bapa lina ubao mmoja usiochanwa. Ukipiga teke, kila nusu inajipinda kivyake na maji yanapenya katikati, kwa hiyo mguu haupambani na uzito mkubwa wa maji. Mwenye goti bovu au kifundo kilichowahi kuteguka huuhisi unafuu huo mapema. Shavu la mguu halikakamai ovyo, na misuli isiyohangaika haili hewa nyingi. Wapo wanaoyaita mapezi ya wavivu, na kauli hiyo inaniudhi, kwa sababu kuna watu ambao bila mapezi hayo wangekuwa wameshaacha kuzamia.

Ila unafuu huo una sharti lake: upige teke la kupishana, mguu mmoja juu mwingine chini, mateke madogo ya harakaharaka. Ukibadili teke, mambo yanabadilika. Mfikirie mtu anayeelea nusu mita juu ya mchanga, akichungulia samaki mdogo kwenye ufa wa tumbawe, na maji yanamsukuma mbele taratibu. Mwenye pezi bapa anatanua miguu, anakunja vifundo, anayavuta maji kuelekea kichwani kwa ubao, na mwili unarudi nyuma kidogo. Mwenye mpasuko anafanya vilevile, ubao unalegea, maji yanapita katikati, naye yuko palepale. Hapo mkono unanyooka kushika tumbawe, na tumbawe hilo ni kiumbe hai.

Kuna pia suala la vumbi la chini. Teke la kupishana husukuma sehemu ya maji kuelekea chini, na palipo na tope laini, wanaofuata nyuma hawaoni kitu. Teke la chura, la kutanua miguu pembeni kisha kuikutanisha, husukuma maji nyuma, na linataka ubao usiolegea. Ndani ya pango au meli iliyozama, kuona njia ya kutokea ni suala la uhai. Ndiyo maana wazamiaji wa mapangoni hupendelea mapezi mafupi, mapana na magumu ya mpira, ya mtindo wa Jet Fin uliotoka miaka ya 1960.

Hata hayo yana kasoro. Mpira ule ni mzito na huzama. Kwa aliyevaa suti kavu, ile isiyoingiza maji, ni msaada, maana hewa ya ndani ya suti hupenda kukimbilia miguuni na kuiinua. Kwa aliyevaa suti nyembamba, uzito uleule unaweza kuivuta miguu chini, na akawa anaogelea mshazari. Na miguu isiyo na mazoezi itachoka mapema.

Kisigino ni jambo dogo zaidi: ukizama kutoka mashuani kwenye maji ya joto, pezi la kiatu kizima, linalofunika kisigino, linatosha; kwenye maji baridi au ufuko wa mawe, chukua la kisigino wazi na buti ya neopreni, mpira laini wa kuzuia baridi, na mkanda wa springi ya chuma ukiweza, kwa sababu huvalika upesi.

Mwenye magoti mazima ningemshauri achukue bapa ya ugumu wa wastani na ajifunze teke la chura. Mwenye maumivu achukue mpasuko bila kuona haya, ila akae mbali zaidi na matumbawe. Vyovyote vile, azima kwanza, uvae na buti zako, kisha ujaribu bwawani kurudi nyuma mita moja bila kutumia mikono.