Shilingi Ina Kumbukumbu, Tembe Haina

Jumanne niling'olewa jino hapa Columbus, Ohio, nikaandikiwa tembe 12 za maumivu. Dukani mfamasia akachukua kitambulisho changu, akatazama kompyuta, akauliza: "Na zile za daktari wa bega, za Machi, zimeisha?" Nilikasirika. Pamba iko mdomoni, shavu limevimba, halafu nahojiwa kama mwizi!

Nilipofika kwenye gari hasira ilikuwa imekwisha. Nilimkumbuka mdogo wangu kule nyumbani Kenya, mtaa wa Kondele, Kisumu.

Jimbo hili lina daftari la kompyuta, OARRS, tangu 2006. Dawa kali zote huandikwa humo: nani ameandika, nani ameuza, nani amepewa. Korona ilipoingia, serikali ililegeza, daktari akaweza kuziandika akikuona kwa video tu. Daftari halikufungwa. Ukimtoroka daktari huyu, jina lako limeshakutangulia kwa yule.

Kwetu daftari lilikuwa macho ya mwenye kemisti. "Wewe si ulinunua juzi?" Basi. Kafyu ikaanza 27 Machi 2020, barakoa zikafunika nyuso, watu wakawa wanatuma bodaboda na jina la dawa kwenye simu. Mdogo wangu alikuwa na mgongo. Tramadol, dawa kali ya maumivu, ilimfikia mlangoni miezi na miezi, na hakuna muuzaji aliyemwona uso. Mama alikuta maganda ya tembe chini ya godoro, yamekunjwa moja moja, yamejaza soksi nzima.

Najua kuna atakayesema majuu yamenipanda kichwani. Hapana. Malaria yangu ya utotoni ilitibiwa na mwenye kemisti usiku wa manane, kwa deni, na namheshimu hadi leo. Mwingine atasema, mbona huko wanakufa zaidi? Kweli, wanakufa. Miezi 12 iliyoishia Aprili 2021, zaidi ya watu 100,000 walikufa Marekani kwa kuzidisha dawa, wengi kwa fentanyl (dawa ya maumivu kali mno) ya mtaani, isiyopita kwa mfamasia yeyote. Daftari halioni vichochoroni. Lakini mdogo wangu hakununua kichochoroni! Alinunua dukani, chini ya leseni iliyotundikwa ukutani, dawa ambayo kwa sheria yetu wenyewe inataka karatasi ya daktari.

Na msiniambie hatuna uwezo. Sisi ndio wa M-Pesa, tangu 2007. Ukimtumia mtu shilingi hamsini, jina lipo, saa ipo, kiasi kipo. Mama alipotaka kujua dawa zilitoka wapi, alichukua simu ya mdogo wangu akafungua meseji za malipo. Maduka matatu, barabara moja, mengine siku hiyo hiyo.