Watu wa Beni hawakuwa wajinga

Kila nikisikia watu wa Beni, mji ulio mashariki mwa Kongo (DRC), waliwakimbia madaktari wa Ebola kwa sababu ya ujinga, moyo unaniuma. Ukishamwita mtu mjinga, humuulizi tena anaogopa nini.

Mlipuko ule ulitangazwa Kivu Kaskazini, jimbo lenye mji wa Beni, tarehe 1 Agosti 2018. Kufikia hapo Beni ilikuwa na karibu miaka minne ya kuzika watu waliouawa kwa mapanga na risasi, tangu Oktoba 2014. Walilia ulinzi mpaka sauti zikakauka. Halafu Ebola ilipoingia, barabara zikajaa magari na wataalamu kutoka kila pembe ya dunia. Mtu aliyezika ndugu zake bila kusaidiwa na yeyote, leo anaambiwa maisha yake ni ya thamani. Lazima atauliza: tangu lini? Hata mimi ningeuliza.

Disemba mambo yakachacha. Tarehe 26 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na mji jirani wa Butembo hawatapiga kura hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama, ilhali rais mpya alitakiwa kuapishwa Januari. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yamejaa. Kesho yake waandamanaji wakavamia kituo cha Ebola mjini Beni. Na tarehe 30, siku ya uchaguzi, wakazi wakapanga foleni wakapiga kura yao wenyewe, ambayo walijua haitahesabiwa, huku wakinawa mikono kwanza. Hao ndio walioitwa wasiojua Ebola ni nini.

Kisha kuna suala la maiti. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaambukiza vibaya sana, na hilo silipingi hata kidogo. Lakini bibi yangu alipofariki, mama na shangazi walimwosha kwa mikono yao, wakimsemesha taratibu kana kwamba amelala. Kumwambia mama asimguse ingekuwa sawa na kumwambia amtupe. Sasa fikiria amri hiyo inatoka kwa mgeni aliyejifunika uso, anayemchukua mgonjwa wako angali hai, kisha anakurudishia mfuko uliofungwa. Uvumi kwamba watu wanamalizwa ndani ya vituo vya Ebola ungeshindwaje kuota?

Ndiyo maana navipenda vile vyumba vya kuta za plastiki angavu vilivyotumika Beni. Mama anasimama nje, anamwona mwanawe, anaongea naye. Dawa ilikuwa ileile. Hofu ndiyo iliyopungua. Laiti vingekuwa kila kituo tangu siku ya kwanza! Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua zaidi ya watu 2,200.

Na kuna waliopona. Kwa kuwa miili yao ilikuwa imepata kinga, baadhi yao waliingia kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Waliwabeba, waliwalisha, waliwabembeleza. Nje, majirani walikuwa wanawafahamu kwa majina.