Sabufa inaunguruma kwangu tu

Jamani mwenzenu nimechoka. Leo saa 12 asubuhi nimewasha laptop nijisikilizie taarabu taratibu kabla sijatoka, sabufa ikanijibu nguuuuuu, mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta kuuliza kama nimefungua mashine ya kusaga. Mimi, baba wa watoto watatu, nasaga nini saa 12 asubuhi?

Na hii ngoma ilianza wiki iliyopita. Siku ya kwanza nikajifanya fundi, nikachomoa waya nikachomeka, nikazungusha pini, nikapuliza, nikaipiga kofi moja la kiungwana. La pili halikuwa la kiungwana. Nikaingia yutubu, jamaa anasema chukua mita upime, mita naitoa wapi, mimi mita ninayoijua ni ya LUKU na yenyewe kutwa inalia.

Nikabeba mzigo mpaka kwa fundi redio pale stendi. Kafungua tu, mende wakatoka ukoo mzima, wengine na mayai. Akamulika na tochi ya simu, akashusha pumzi kama daktari anayetafuta ndugu wa mgonjwa.

"Bosi wangu, aisii imeondoka."

"Imeondoka imeenda wapi?"

"Imekufa bosi, ndo kidude kinachokuza sauti."

Nikamwambia si tuangalie kapasita kwanza, vile vipipa vya kutunza umeme, maana nimeona zikivimba kichwa ndo zinaleta mngurumo. Akaweka bisibisi chini.

"Bosi, umesomea?"

"Hapana."

"Basi."

Elfu 15. Akang'oa kidude cheusi chenye miguu 5 kimeandikwa TDA2030, akachomelea kingine, akachomeka simu yake, we! Mziki safi mpaka muuza mahindi akaanza kutikisa bega. Nikalipa, nikapanda boda na sabufa mapajani kama nimetoka kujifungua, nafika nyumbani, nguuuuu.

Nikarudi. Kwake inaimba. Nikaenda nayo nyumbani, nguuu. Nikarudi tena, inaimba, tena safari hii kwa dharau. Fundi akaniinamia sikioni, "Bosi, sio sabufa hiyo, ni nyumba." Nyumba ina nini? "Kuna nyumba zina mambo." Dada mmoja aliyekuwa anasubiri pasi yake akadakia, kaka usidharau, kwa shangazi yangu redio ilikuwa inajizima ikifika magharibi. Watu wakaanza kunipa pole. Madereva boda sasa hivi wananiita DJ, nikipita mikono mitupu wananiuliza mgonjwa anaendeleaje.

Sasa leo, baada ya ule ukuta kugongwa, mwanangu wa darasa la tatu kachomoa chaja ya laptop achaji simu ya mama yake aangalie katuni. Kimya! Taarabu inatiririka kama maji. Narudisha chaja, nguuu. Natoa, kimya. Yaani umeme wa chaja ya laptop ndo unapenya kwenye waya wa sauti unaingia kwenye spika, na kwa fundi haukuwepo sababu alikuwa anapiga mziki kutoka kwenye simu ambayo haiko kwenye chaji. Aisii yangu ilikuwa nzima. Nimemuua mzima kwa elfu 15, ukiacha boda.

Haya, nitoe chaja nisikilize. Betri inakaa dakika 20, taarabu moja dakika 15, kwa hiyo nasikiliza wimbo mmoja na utangulizi wa pili. Nikamwendea mwenye nyumba kistaarabu, mzee hii nyumba haina waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, tuweke, chaja nazo zitulie. Kafikiri weee, akaniuliza, "Hiyo ethi inakula yuniti?"

Na kwenye yuniti ndo msiniguse. Huyu huyu mgonga ukuta ndo anachemsha maharage kwa jiko la umeme saa 6 usiku anajua tumelala, wakati mchango wa LUKU tunatoa sawa kwa sawa, halafu juzi ananiambia mbele ya watu nipunguze sabufa inamaliza umeme. Maharage! Harufu inapita chini ya mlango mpaka kitandani, na hajawahi kuleta hata kibakuli.