Mkaa sikuwahi kuuhesabu

Mhariri, mmeandika kwamba kanisa moja hapa mjini Zanzibar linafundisha bure kushona, kutengeneza sabuni na hesabu za biashara, kwa watu wa dini zote. Naona wengine washaanza kuuliza kuna nini nyuma yake. Mimi Muislamu, mtoto wa Ng'ambo, nimesoma darasa kama hilo miezi mitatu. Dini yangu hakuniuliza mtu, na adhana ya alasiri ikilia tulikuwa tunaacha cherehani tunakwenda kuswali.

Kushona nilikuwa najua kidogo. Kilichonifungua macho ni hesabu. Nauza visheti, nikijiona nna faida. Mwalimu akaniambia, "Bi mkubwa, andika kila kitu": unga, sukari, mafuta, iliki, mkaa, hata nauli ya daladala ya kwenda Darajani. Kumbe kila pakiti nilikuwa nakula hasara shilingi mia mbili! Mkaa sikuwahi kuuhesabu, maana ananunua mume wangu.

Wala si jambo geni hapa. Kule Mbweni, miaka ya 1870, wamisionari wa Kianglikana waliwaweka watumwa waliokombolewa wakawafundisha kusoma na kazi za mikono (ingawa pale nia ya kubatiza ilikuwa wazi, tusifichane).

Langu ni muda. Darasa la saa nane mchana kila siku halimfai mama anayelima mwani kule Paje. Bamvua likifika, maji yakitoka sana, yuko baharini. Na ukishahitimu, cherehani utaitoa wapi? Walau watuazime kwa zamu.