Sodiamu ikishuka, tuilaumu estrojeni au dripu?

Kuna hoja inasema ubongo wa mwanamke hauhimili sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) kushuka kwenye damu kwa sababu ya homoni zake, hasa estrojeni, na kuna wanaokuja juu kwamba huo ni uzushi wa maabara. Mi naona wote wana kitu, ila wanajibu maswali mawili tofauti huku kila mmoja akidhani anamjibu mwenzie.

Kinachotokea ni hivi. Sodiamu ya kawaida kwenye damu ni milimoli 135 mpaka 145 kwa lita. Ikishuka ghafla maji yanatoka kwenye damu yanaingia kwenye seli za ubongo, seli zinavimba, na fuvu halitanuki, kwa hiyo presha ya ndani inapanda na mishipa midogo inabanwa. Ubongo unajitetea kwa kusukuma chumvichumvi nje ya seli, ila hiyo pampu inakula nishati, nishati inataka oksijeni, na oksijeni inaletwa na mishipa hiyohiyo iliyobanwa. Hapo ndo homoni zinaingia. Vasopresini, ambayo mwili unaimwaga mtu akiwa na maumivu, kichefuchefu au katoka operesheni, inaziambia figo zishike maji na pia ina uwezo wa kubana mishipa. Estrojeni yenyewe inadaiwa kuidhoofisha ile pampu.

Silaha kubwa ya wanaoilaumu estrojeni ni utafiti wa Ayus, Wheeler na Arieff wa 1992. Waliangalia wagonjwa 65 ambao ubongo ulishavurugika kwa sodiamu ya chini baada ya operesheni, 34 wakafa au wakabaki na madhara ya kudumu, na kati ya hao 34 wanawake walikuwa 33, wengi bado wanaona siku zao. Yakaja na majaribio ya panya ya 1995, ambapo vasopresini ikichanganyika na sodiamu ya chini ilipunguza damu inayofika kwenye ubongo wa majike. Ukiishia hapo unaona kesi imefungwa.

Sasa subiri. Mwaka 1994 madaktari wa Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, wakapekua operesheni zaidi ya 290,000 za wanawake na hilo janga kwa vijana wenye afya hawakulikuta. Halafu estrojeni hiyohiyo siku za kawaida inailegeza mishipa ya ubongo kupitia naitriki oksaidi (gesi ambayo mishipa yenyewe inaitengeneza), kwa hiyo kuiita adui wa mishipa moja kwa moja ni kuionea. Boston Marathon ya 2002 nayo, walipimwa wakimbiaji 488 na 13% sodiamu ilikuwa chini, juu juu wanawake walionekana wengi zaidi, lakini ukishaweka kwenye hesabu nani aliongezeka uzito njiani kwa kunywa kupita kiasi na nani alikimbia zaidi ya masaa manne, jinsia haionekani tena kama sababu.

Na watu wanasahau kwamba hata ule utafiti wa 1992 wenyewe ulisema kushuka sodiamu baada ya operesheni kunawapata wanaume na wanawake sawa tu. Kwa hiyo nani anashuka, hilo ni suala la maji na vasopresini. Nani anaumia zaidi akishashuka, hapo estrojeni inawezekana ikawa na mkono, mi sikatai, ila ukubwa wa huo mkono naona ulitiwa chumvi (samahani kwa utani).

Kinachonikera ni kwamba ubishi wa estrojeni unaficha dripu. Dextrose 5%, ile dripu ya maji ya sukari, ukiitundika inaonekana ni sukari, lakini mwili ukishaichoma ile sukari yanabaki maji matupu, na huyu mama katoka thieta vasopresini iko juu, au alikuwa anaongezewa uchungu kwa oksitosini, ambayo kwa wingi inafanya kazi kama vasopresini na kumzuia kukojoa. Anaanza kulalamika kichwa, anatapika, anaropoka, ndugu wanaambiwa ni nusu kaputi haijaisha, na chupa nyingine inatundikwa. Kipimo cha sodiamu kinakuja kukumbukwa akishapata degedege.

Akishafika hapo matibabu hayaulizi jinsia: dripu ya chumvi nzito ya 3%, mililita 100 au 150 ndani ya dakika chache, inarudiwa ikibidi, huku wakichunga sodiamu isipande sana ndani ya masaa 24 (wengi wanaweka kikomo milimoli 8 mpaka 10 kwa lita), hasa kwa mtu ambaye sodiamu yake ilishakaa chini siku kadhaa ubongo ukazoea.